Maisha ya Alexander von Humboldt, Mtu Aliyeusoma Mlima kwa Mimea Yake

Mhariri wa gazeti letu ametuomba sisi wa Kidato cha Nne tuandike, kila mmoja kwa zamu yake, maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu wamekwisha andika habari za wafalme, majemadari na wapigania uhuru, nasi tumezisoma kwa furaha. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakutawala nchi wala hakuongoza jeshi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza swali ambalo hata mtoto aweza kuliuliza: kwa nini mmea huu umeota hapa, na kwa nini hauoti pale? Mtu huyo ni Alexander von Humboldt. Nataka kuwaeleza jinsi alivyolijibu swali hilo, na kwa nini jibu lake latuhusu sisi tunaokaa karibu na mlima Kilimanjaro, ingawa yeye hakupata kufika Afrika ya Mashariki.

Humboldt alizaliwa Berlin tarehe 14 Septemba, 1769. Wakati huo Berlin ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Prusia. Leo ni mji mkuu wa Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, naye alifariki mwaka 1779, Alexander akiwa na umri wa miaka tisa. Mama yake alikuwa mwenye mali, akawawekea wanawe wawili walimu wa nyumbani. Mkubwa, Wilhelm, alizaliwa mwaka 1767, akawa hodari wa lugha. Baadaye ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1810. Alexander hakusifiwa sana na walimu wake. Alipenda kuzurura nje akiokota mimea, wadudu, makombe na mawe, hata watu wa nyumbani wakampa jina la utani la mwuza dawa mdogo.

Mama yake alitaka apate kazi nzuri ya serikali. Alexander hakubishana naye. Alisoma mambo ya fedha na utawala kama alivyotakiwa, lakini nafasi yake ya faragha aliitumia kwa mimea. Mwaka 1788 alifahamiana na kijana mmoja mtaalamu wa mimea jina lake Karl Ludwig Willdenow, aliyekuwa ameandika kitabu juu ya mimea ya Berlin. Huyo ndiye aliyemfundisha kuitambua mimea na kuipanga katika jamii zake. Baadaye alipokuwa chuoni Göttingen alimjua Georg Forster, ambaye alikuwa ameizunguka dunia pamoja na Nahodha Cook. Mwaka 1790 walisafiri wote wawili mpaka Uingereza. Tangu hapo hamu ya kuziona nchi za joto haikumtoka.

Hata hivyo alishika kwanza kazi aliyochaguliwa. Alisoma katika chuo cha madini cha Freiberg, na mwaka 1792 akawa ofisa wa migodi. Alifanya kazi hiyo kwa moyo. Aliwaona wachimbaji wakifa kwa hewa mbaya chini ya ardhi, akabuni taa isiyozimika upesi na kifaa cha kuwasaidia kupumua. Alianzisha shule ya wachimbaji kwa fedha zake mwenyewe. Na hata humo shimoni hakuacha kutazama mimea: mwaka 1793 alitoa kitabu juu ya vimea viotavyo gizani migodini. Mtu mwingine angalipita bila kuviona. Yeye aliona kuwa gizani, penye unyevu, kuna viumbe vyake, na kwenye mwanga kuna vingine.

Mwaka 1796 mama yake alifariki, akamwachia urithi mkubwa. Humboldt aliacha kazi ya serikali, akanunua vyombo vya kupimia: barometa za kupimia uzito wa hewa, vipimajoto, vyombo vya kupimia unyevu na vya kutazamia nyota. Huko Paris alikutana na daktari Mfaransa, Aimé Bonpland, aliyekuwa hodari sana wa mimea. Walitaka kwenda Misri, lakini vita vya Napoleon vikawafungia njia. Basi wakaenda Hispania. Mwaka 1799 Mfalme Carlos wa Nne aliwapa ruhusa ya kuzuru makoloni yake ya Amerika, jambo ambalo wageni hawakupewa kwa urahisi. Gharama zote zilikuwa juu ya Humboldt mwenyewe.

Walitweka tanga katika bandari ya La Coruña tarehe 5 Juni, 1799. Njiani merikebu ilitua katika kisiwa cha Tenerife, nao wakapanda mlima Teide. Chini waliona mashamba ya mizabibu, juu yake misitu yenye majani mabichi mwaka mzima, kisha misonobari, kisha vichaka, na mwisho nyasi haba kati ya mawe ya volkano. Humboldt aliona kuwa mimea haikuchanganyika ovyo. Kila kundi lilikuwa na mahali pake, kama wanafunzi mstarini. Aliiweka habari hiyo moyoni.

Tarehe 16 Julai, 1799, walishuka Cumaná, katika nchi ambayo leo ni Venezuela. Humo mjini aliona soko la watumwa, watu wa Afrika wakikaguliwa meno kama farasi. Jambo hilo lilimchukiza mno. Alikuwa adui wa utumwa toka siku hiyo hata kufa kwake, naye aliandika waziwazi dhidi yake, hasa katika kitabu chake juu ya Kuba. Mwaka 1856 kitabu hicho kilipotolewa kwa Kiingereza huko Marekani, mfasiri aliiondoa sura ya utumwa. Humboldt, mzee wa miaka themanini na sita, alimlaumu magazetini. Mwaka uliofuata Prusia ilipitisha sheria kwamba mtumwa yeyote atakayekanyaga ardhi yake ni mtu huru, naye Humboldt alikuwa ameipigania sheria hiyo.

Sasa nitaeleza habari ya Ziwa Valencia, nami namwomba msomaji aikumbuke, maana nitairudia. Mwanzoni mwa mwaka 1800 Humboldt na Bonpland walifika katika bonde la ziwa hilo. Lilikuwa bonde lenye rutuba, na mashamba ya nili, pamba na miwa yalikuwa yameenea. Wenyeji walikuwa na wasiwasi. Ziwa lilikuwa likipungua mwaka hata mwaka. Visiwa vipya vilikuwa vimetokea, na mahali palipokuwa maji sasa palikuwa mashamba. Watu wengi waliamini kuwa chini ya ziwa kuna tundu linaloyapeleka maji baharini.

Humboldt hakuwacheka, lakini hakukubali kabla ya kupima. Alipima maji na joto, akatazama mito iingiayo. Aliona kuwa ziwa hilo halina mto utokao. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke juani. Kwa hiyo kama mito inaleta maji machache kuliko yale yanayochukuliwa na jua, ziwa halina budi kupungua, na hapahitajiwi tundu lolote. Na mito ilikuwa ikileta machache kwa sababu mbili. Kwanza, wenye mashamba walikuwa wamekata miti ya vilima vilivyolizunguka bonde. Pili, walikuwa wamekata mifereji mingi kuyapeleka maji kwenye nili kabla hayajafika ziwani. Alieleza kuwa miti hufunika udongo, huupunguzia jua, na huyaacha maji ya mvua yaingie ardhini polepole yailishe chemchemi. Miti ikiondolewa, mvua hushuka kwa mafuriko na kuuchukua udongo, kisha mito hukauka jua likiwaka.

Miaka ya 1820 mwanasayansi Mfaransa jina lake Boussingault alifika huko, akakuta ziwa limeinuka tena. Vita vya uhuru vilikuwa vimepita. Mashamba mengi yalikuwa yameachwa, vichaka na miti vikarudi, na mito ikaachwa iende njia yake. Sijui ushahidi mwingine ulio bora kuliko huo.

Kutoka hapo wasafiri walivuka mbuga kubwa ziitwazo Llanos. Huko Humboldt aliona mti wa jamii ya mnazi uitwao moriche, uotao mahali penye majimaji katikati ya mbuga kavu. Mti huo huutunza unyevu penye mizizi yake, na kivuli chake huuzuia udongo usikauke. Chini yake huota mimea mingine, wadudu wakaja, na ndege wakafuata wadudu. Wenyeji nao walipata humo unga, kinywaji na nyuzi za kufumia vyandarua vya kulalia. Basi Humboldt akaona upande wa pili wa jambo. Ni kweli kwamba joto, maji na udongo huamua mimea gani iote. Lakini mimea nayo, ikiisha kuota, huyabadili maji, udongo na hewa ya mahali pale. Ukiung'oa mti mmoja wa namna hiyo waweza kufukuza wakazi wengi usiowajua.

Walisafiri kwa muda mrefu katika mto Orinoco kwa mtumbwi, wakiumwa na mbu usiku na mchana, na mimea mingi waliyoikausha ikaoza kwa unyevu. Walihakikisha kuwa mto Casiquiare huunganisha maji ya Orinoco na yale ya Amazon. Baada ya kuzuru Kuba walirudi bara mwaka 1801, wakapanda milima ya Andes mpaka Bogotá, alikokaa padri Mutis, bingwa wa mimea, kisha mpaka Quito karibu na Ikweta.

Njiani Humboldt alikutana na kijana mzalendo wa nchi hizo, Francisco José de Caldas. Haifai kumsahau. Caldas alikuwa amegundua peke yake namna ya kupima kimo cha mlima kwa kuchemsha maji na kusoma joto lake, naye alikuwa akichora kimo ambacho kila mmea wa shamba huishia. Hakuwa na urithi wala vyombo vizuri. Alitamani sana kufuatana na Humboldt, lakini Humboldt alimchukua mwingine, Carlos Montúfar. Caldas aliuawa na Wahispania mwaka 1816 kwa kupigania uhuru. Nimemtaja ili tujue kuwa elimu haitoki Ulaya tu. Wenyeji wa Andes walijua tangu kale viazi vyapaswa kupandwa wapi, na mahindi wapi. Humboldt alizikusanya habari hizo zote, akaongeza vipimo, akaziweka pamoja.

Tarehe 23 Juni, 1802, Humboldt, Bonpland, Montúfar na mwenyeji mmoja walipanda mlima Chimborazo, wenye kimo cha mita 6,263, ambao siku hizo ulidhaniwa kuwa mrefu kuliko yote duniani. Wachukuzi waliwaacha kabla ya kufika mbali. Walitambaa juu ya ukingo mwembamba, ukungu umewafunika, mikono imechubuka kwa mawe makali. Fizi zao zilitoka damu na vichwa vikazunguka kwa uhaba wa hewa. Kila mara Humboldt alisimama na kuisoma barometa yake. Hata mwisho wakakutana na ufa mkubwa usiopitika. Kwa hesabu yake walikuwa wamefika mita 5,878. Hawakufika kileleni, lakini hakuna aliyejulikana wakati huo kuwa amefika juu kuliko wao. Kilele chetu cha Uhuru kina mita 5,895. Kwa hiyo, kwa hesabu yake, Humboldt alisimama karibu sawasawa na kimo cha Kilimanjaro.

Kutokana na safari hizo alichora picha yake mashuhuri, iliyotolewa Paris mwaka 1807 pamoja na kitabu cha jiografia ya mimea. Ni picha ya Chimborazo iliyopasuliwa kama papai, na ndani yake yameandikwa majina ya mimea mahali ilipoonekana. Chini kabisa ni migomba na jamii za mnazi, juu yake misitu ya mikwinini, kisha miti ya jamii ya mwaloni, kisha vichaka, kisha nyasi, kisha vimea vinavyoshika mawe kama ukoga, na juu ya mita 4,800 hivi ni theluji ya daima. Pembeni mwa picha kuna safu za tarakimu. Zaeleza joto, uzito wa hewa, unyevu, rangi ya mbingu, joto la maji yachemkapo, na mazao yanayolimwa katika kila kimo. Mtu akiutazama mmea wowote aweza kufuata mstari mpaka pembeni, akajua unaishi katika hali gani.

Mbele yake wataalamu wengi waliitazama mimea mmoja mmoja, wakaipa majina na kuifunga katika karatasi. Humboldt aliitazama kama jamii, yaani mimea inayokaa pamoja kwa sababu inapatana na hali moja. Akaeleza pia kuwa kuupanda mlima ulio karibu na Ikweta ni kama kusafiri kwenda ncha ya dunia, maana kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii. Kwa hiyo mimea ya milima mirefu ya nchi za joto hufanana kwa umbo na mimea ya nchi za baridi, ingawa si ndugu.

Jambo hili sisi tunalo mbele ya macho yetu. Mimi natoka mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Ninapokuja shuleni mwanzo wa muhula, basi huondoka katika vihamba vya migomba na kahawa, hushuka katika mahindi na maharage, na kabla ya saa moja kwisha tumefika tambarare yenye migunga na vumbi. Hakuna aliyeyapanga hayo kwa amri. Mvua na joto ndivyo vilivyopanga. Mwaka jana Chama chetu cha Jiografia kilipanda mpaka kituo cha Mandara, karibu mita 2,700. Tulipita katika msitu mkubwa wenye unyevu, na miti yake imening'inia nyuzi za kijani kama ndevu za mzee, zikidondosha maji ya ukungu hata siku isiyo na mvua. Juu zaidi, baada ya vichaka, huota lobelia na senesio kubwa. Senesio haziangushi majani yake makavu, bali huyavaa shinani kama blanketi dhidi ya baridi ya usiku. Katika milima ya Andes ya Kolombia kuna mmea ufanyao vivyo hivyo, nao huitwa frailejón. Milima miwili, mabara mawili, baridi moja, na vazi moja.

Nimemwomba msomaji akumbuke Ziwa Valencia. Sababu ni hii. Kwetu tunatumia mifongo, yaani mifereji ya kale inayoleta maji kutoka mitoni mpaka vihambani, na kila nyumba ina zamu yake. Babu yangu ni mmoja wa waangalizi wa mfongo wetu. Alipokuwa kijana zamu ya nyumba yetu ilikuwa siku nzima. Sasa ni tangu alfajiri mpaka saa tano, na mwezi wa Januari maji hayajazi ndoo upesi. Likizo iliyopita pamefanyika mkutano wa ukoo, na maneno yalikuwa makali, kwa maana waliomo chini waliwashuku waliomo juu. Mwisho wazee wengi walikubaliana kuwa kosa ni la theluji, nayo theluji hakuna awezaye kuirudisha. Watu wakaenda zao.

Ni kweli kuwa barafu ya Kibo imepungua. Kati ya mwaka 1912 na 2011 imepotea kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini wataalamu walioupima mlima wetu wameonyesha kuwa barafu hiyo ni ndogo mno, haiwezi kuilisha mito yote. Maji mengi ya mito hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Wameonyesha pia kuwa mioto ya mara kwa mara imeushusha mpaka wa juu wa msitu, na penye miti mirefu sasa pameota vichaka vinavyonasa ukungu kidogo. Tena watu tumeongezeka, na mifongo inachota zaidi. Basi hali yetu yafanana sana na ya Valencia. Huko walilaumu tundu lisiloonekana. Kwetu twailaumu theluji ya mbali. Sababu zilizo kubwa ziko karibu nasi: miti na mifereji. Nami nasema hii ni habari njema, kwa kuwa mtu hawezi kuirudisha barafu, lakini aweza kuzima moto, kupanda miti inayofaa kimo chake, na kuziba mfongo unaovuja. Nitalipeleka gazeti hili nyumbani, nimsomee babu.

Nirudi kwa Humboldt. Alirudi Ulaya mwezi wa Agosti 1804, baada ya kuzuru Meksiko na kukutana na Rais Jefferson huko Marekani. Yeye na Bonpland walileta vielelezo vya mimea karibu 60,000. Alikaa Paris zaidi ya miaka ishirini akiandika vitabu vyenye picha za thamani, na gharama ya vitabu hivyo ikaumaliza urithi wake. Mwaka 1817 alitoa ramani ya mistari inayounganisha mahali penye wastani mmoja wa joto. Mistari hiyo tunaichora hata leo darasani, na wengi wetu hatujui ni nani aliyeibuni.

Mwaka 1827 mfalme wa Prusia alimwita Berlin. Huko alitoa mihadhara ya bure, na watu wa kila namna walihudhuria, hata wanawake, ambao wakati huo hawakuruhusiwa kusoma chuo kikuu. Mwaka 1829, akiwa na miaka sitini, alisafiri katika Urusi na Siberia zaidi ya kilomita 15,000. Alitamani sana kuiona milima ya Himalaya, lakini kampuni ya Kiingereza iliyotawala India haikumpa ruhusa. Uzeeni aliandika kitabu kiitwacho Kosmos, akitaka kueleza ulimwengu wote kama kitu kimoja. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1845. Alikuwa akiandika cha tano alipofariki Berlin tarehe 6 Mei, 1859, na umri wake ulikuwa miaka 89. Hakuoa. Fedha zilikuwa zimekwisha, na vitu vyake vya nyumbani alimwachia mtumishi wake.

Kazi yake haikufa. Darwin alisafiri akiwa na vitabu vya Humboldt merikebuni. Mwaka 1895 Mdenmarki Eugenius Warming alitoa kitabu juu ya jamii za mimea, na elimu hiyo ikawa somo kamili. Mwaka 2012 wataalamu walipanda tena Chimborazo kulinganisha mimea ya leo na ile ya mwaka 1802. Baadaye, mwaka 2019, wengine waliyachunguza maandishi ya Humboldt, wakaona kuwa mimea mingi ya juu katika picha yake aliichuma katika mlima mwingine, Antisana. Walipopalinganisha mahali penyewe waligundua kuwa mimea imepanda juu kwa zaidi ya mita 200, kwa sababu dunia imepata joto. Kwa hiyo hata picha ya Humboldt ilihitaji kusahihishwa. Lakini yafaa tuone kuwa iliweza kusahihishwa kwa sababu yeye mwenyewe aliandika mahali, siku na kimo. Mtu asiyeandika hawezi kusahihishwa, wala hawezi kumsaidia mtu baada ya miaka mia mbili.

Wadogo zangu wa vidato vya chini, hapa ndipo ninapotaka kuwaachia neno. Humboldt alikuwa na fedha ambazo sisi hatuna. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kusoma kipimajoto na kuandika tarakimu, na hiyo haihitaji urithi. Nyuma ya bweni letu kuna kipimamvua kimoja na kipimajoto kimoja. Daftari lake lilianzishwa na ndugu waliotutangulia, nasi tumelijaza kila asubuhi saa tatu, hata siku za Jumapili. Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani na kuondoka. Daftari likikatika mwaka mmoja, mwaka huo hautarudi tena, na atakayetaka kujua kama mvua ya hapa imepungua atakuta ukurasa mtupu. Anayependa kulipokea na aje kwangu kabla ya muhula kwisha, nimwonyeshe namna ya kusoma vipimo.